Amplifaya ya Sufuria na Mnong'ono wa Baba

Sisi tuliokua upande wa Nkubu, huko Meru, wakati taa za stima zilikuwa za misheni peke yake, baridi tuliijua vizuri. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka mpaka unakaa juu ya kahawa kama blanketi mbichi, na ukienda shule bila viatu vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Mwalimu anasema andika, mkono unakataa. Wajukuu wangu leo wanavaa soksi mbili na bado wananiambia, "Shosh, kuna baridi." Mimi nawaongezea chai. Nitawaambia nini?

Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mgomba, na aliyepigwa mgongoni alisikia kweli, kwa sababu asubuhi mpira ulikuwa umeloa umande na uzito wake ulikuwa kama wa viazi. Tukirudi nyumbani kuna nduma zimechemshwa, zimefunikwa kwa jani la ndizi, na uji wa kuchacha kwa kibuyu. Hakuna mtu aliuliza kama unapenda. Swali lilikuwa moja tu, kama umenawa.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na sikuiacha kwa ujinga. Baba alikuwa fundi wa redio pale sokoni, kwa kibanda cha mbao karibu na wauza maharagwe. Kabla sijafika miaka kumi alipata ugonjwa wa koo. Wakampeleka hospitali, wakamkata, akarudi mzima, anakula, anatembea, lakini sauti ikabaki huko. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anapuliza moto uliokataa. Mteja akimuuliza redio imeharibika wapi, Baba anajibu, mteja hasikii kitu kwa sababu ya soko. Ndipo nikawa mdomo wake. Nasimama kando yake, sikio karibu na shingo yake, halafu nasema kwa nguvu: "Baba anasema betri zako zimetoa maji." Watu walizoea. Wengine waliniita Mdomo, na mimi sikukasirika. Ukikaa mdomo wa fundi miaka mitatu, utajua kazi kuliko wanaoisoma kwa vitabu, kwa sababu kila neno linapitia kwako mara mbili.

Hao vijana wa siku hizi wananunua amplifaya, hicho chombo cha kukuza sauti, ikiwa bodi tayari, wanaangalia simu, wanaunganisha waya nne, wanasema wamejenga. Sawa. Na mimi nikinunua mkate nitasema nimelima ngano.

Sasa dada yangu mkubwa, Nkatha, akapata mchumba wa Mitunguu, kule chini kwenye joto na ndizi. Kijana mzuri, mrefu, hana maneno mengi. Mbuzi zikaja, wazee wakaongea, harusi ikapangwa, sherehe iwe huko kwao. Na kwetu, siku hiyo baba wa msichana anasimama mbele ya wakwe, anamkabidhi mtoto wake kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, na wote wanasikia. Baraka haiagizwi kama chumvi. Lakini mtu wa kunong'ona atasikika vipi na watu wale wote waliojaa uwanja mzima? Mimi singeweza kumsemea. Kumwambia mteja habari za betri ni kitu kimoja. Mtoto wa miaka kumi na tatu kubariki dada yake mkubwa mbele ya wazee, hiyo haijawahi kuwa.

Ndugu yake Baba, Baba mdogo Mutwiri, akasema yeye ataongea. Alikuwa na sauti, huyo. Akikohoa Nkubu, mbuzi wanasimama huko ng'ambo ya mto. Baba akamwambia maneno anayotaka yasemwe, na mimi ndiye niliyempitishia, kwa hiyo nayajua. Alitaka wakwe waambiwe wazi kwamba Nkatha akiteswa arudi nyumbani, na asiulizwe kitu mlangoni.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kusema hivyo, kaka. Utakula mbuzi za watu halafu uwaambie unangoja mtoto arudi? Nitasema maneno mazuri. Nitawaambia wazae."

Baba alinivuta karibu. Halafu akaninong'oneza: "Tutajenga amplifaya."

Hapo ndipo nilijua kazi gani iko mbele yetu. Kama chombo hakitafanya kazi, Baba mdogo ataongea, na neno lile moja la Baba litakufa kooni mwake.

Tulianza baada ya mavuno. Transista mbili kubwa, zile zinazokuza sauti, zina umbo la kofia, zilitoka Meru mjini kwa duka la Mhindi. Betri ilikuwa ya lori. Spika ya honi tuliazima kanisani. Bati la kupoozea moto, nitasema ukweli, lilikuwa sufuria ya Mama. Ile kubwa ya krismasi. Baba aliikata kitako, akaikunja kingo zisimame kama mapezi, na Mama akakuta inatobolewa mashimo. Alisimama mlangoni na mwiko. Akasema, "Fundi, hiyo ilikuwa inapika chakula cha watu ishirini." Baba akaninong'oneza, nikamwambia Mama: "Anasema sasa italisha masikio ya mia mbili." Mama alienda zake. Nilimsikia akicheka huko jikoni, lakini sufuria nyingine zote alizihamishia chini ya kitanda.

Ngoja nieleze kitu kinachoitwa bayasi, kwa sababu wengi wanatumia amplifaya na hawaijui, na hapo ndipo wanachoma vitu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akihifadhi moto usiku? Anafunika kaa kwa majivu. Asubuhi anapuliza kidogo, moto uko. Kaa likiwa dogo mno, utapuliza mpaka machozi yatoke, moshi utajaa, ndipo moto ushike. Likiwa kubwa mno litakula kuni bure, na pengine lishike mpaka paa. Transista nazo ni hivyo hivyo. Lazima umeme kidogo upite ndani yake hata kama hakuna mtu anaongea, ili neno likija lisikute zimelala. Umeme huo ukiwa kidogo mno, sauti inakwaruza, kama mtu anatafuna changarawe. Mtu wa sauti kubwa haoni shida, makelele yake yanafunika kila kitu. Mwenye kunong'ona hana cha kumfunika. Kwa Baba bayasi ilitakiwa iwe ya kutosha kabisa.

Na ikizidi, sasa, transista inapata moto. Ikipata moto inapitisha umeme zaidi. Umeme ukizidi moto unazidi. Moto unaita moto, mpaka unasikia harufu na kazi yako imeisha. Dawa yake ni kadayodi kadogo ka kioo, kadogo kuliko punje ya mtama, kanakopima joto. Baba alinifundisha kwa mkono. Aliweka kiganja chake kwa shavu langu, akanong'ona: "Lazima kashike homa pamoja na transista. Kakisikia homa, kanapunguza umeme kenyewe." Maana yake kakae juu ya bati, kagusane nalo, kasikae mbali.

Na mimi nilikaweka mbali. Nasema wazi, kosa lilikuwa langu, na watu wa kwetu wanajua nasema makosa yangu bila kusukumwa. Siku ile Baba alikuwa ameenda kuangalia redio ya padre. Nilitaka arudi akute kazi safi. Miguu ya dayodi ilikuwa mirefu, inaning'inia kama miguu ya panzi, sikuipenda, nikaikata fupi na kuilehemu palepale kwa bodi, imenyooka, inapendeza. Baba alirudi bodi ikiwa imefunikwa na sanduku. Akauliza, "Dayodi?" Nikasema, "Tayari." Na ilikuwa tayari kweli. Hakuuliza imekaa wapi.

Tuliipima asubuhi ya baridi, pumzi inatoka kama moshi. Taa ya breki ya lori tuliiweka kati ya betri na amplifaya, ili kama kuna kosa taa iwake na transista zipone. Haikuwaka. Tukatoa taa, tukaweka mita ya kupima umeme, Baba akazungusha kijiti cha kupandisha na kushusha bayasi polepole kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa, mpaka sindano ikasimama mstari wa tatu. Akasema neno kwa maiki. Jamani, nyinyi wa rika langu, kuna vitu mtu hasahau. Kuku walikimbia. Jirani alitoka na jembe. Mnong'ono wa Baba ulienda mpaka barabarani, safi, kila herufi. Mama alikaa chini kwa kiti cha jikoni, akamwambia Baba aseme tena.

Halafu kwa furaha yake akafanya yale mama zetu wote walifanya. Alifuma kitambaa. Nyumba gani ya kwetu ilikuwa na kitu cha maana bila kitambaa juu yake? Redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, hata tochi ya mgeni ukiiacha mezani utaikuta imevalishwa. Amplifaya ikashonewa kitambaa cheupe chenye maua manne pembeni, kikafunika sanduku, kikafunika na lile bati. Kule Nkubu mwezi wa saba hakikudhuru. Baridi ilikuwa inatusaidia, na sisi hatukujua.

Tulishuka Mitunguu siku ya harusi. Kanisa likaisha salama, tukaenda kwa uwanja wa wakwe. Joto la kule ni lile linalokaa mabegani kama mzigo. Watu wamejaa chini ya turubai, wanawake wanaimba, sufuria za nyama zinachemka nyuma ya nyumba. Niliweka amplifaya mezani karibu na wazee, Mama akanyoosha kitambaa chake, nikawasha. Baba alikuwa amekaa mbele, amevaa koti, katikati ya wakwe, na mkwe hainuki kwa kiti kabla hajaitwa. Hata kama nyumba inaungua, anangoja kuitwa.

Wazee wao wakaongea kwanza kwa hiyo maiki, mmoja, wawili. Sauti nzuri. Wa tatu alipoanza nikasikia harufu. Wewe fundi unaijua harufu hiyo, ni kama nywele zimekaribia mshumaa. Nikaweka kidole kwa bati chini ya kitambaa, nikakitoa haraka. Nikazima.

Maiki ikanyamaza katikati ya neno. Watu wakageuka wote. Baba akaniangalia kutoka kule kwa kiti chake, midomo inasonga, na kwa mara ya kwanza maishani sikusikia anasema nini.

Baba mdogo Mutwiri alikuwa ameshasimama, anafunga kifungo cha koti. "Kairitu, wewe msichana, wachana na hicho kidude. Nitaongea mimi."

"Baba mdogo, nipe muda wa nyimbo mbili."

"Nyimbo mbili za nini? Watu wana njaa."

Mama ndiye alijibu. Alianzisha wimbo. Alitoka mbele ya turubai na wanawake wa kwetu wakamfuata, na mtu gani atakata wimbo wa mama ya bibi harusi? Baba mdogo alibaki na koti lake limefungwa.

Nilivua kitambaa, nikafungua sanduku, na nilipoona kale kadayodi kangu kamenyooka vizuri kwa bodi, baridi kama jiwe la mtoni, huku bati linachoma, nilielewa yote kwa mara moja. Homa ilikuwa kwa mmoja na mpimaji alikuwa nyumba nyingine. Hakuna wa kumlaumu ila mimi. Nilikimbia na chuma cha kulehemu nyuma ya nyumba, nikakiingiza kwa makaa ya wapishi. Mpishi mmoja mnene akaniuliza, "Unataka kuchoma nyama gani na hiyo?" Nikamwambia, "Yangu mwenyewe." Akacheka, akanisogezea makaa mekundu.

Nilitoa dayodi, nikaiongezea miguu kwa vipande vya waya, nikavalisha kila mguu ganda la plastiki ili isiguse chuma ikaleta kosa lingine, nikailaza juu ya bati katikati ya transista mbili, nikaifunga kwa uzi niliouvuta kwa kitambaa cha Mama. Bati nikalisimamisha wima juu ya mawe mawili, upepo upite chini utoke juu, kwa sababu moto unapenda kupanda, uachie njia. Huko nje wimbo wa kwanza ulikuwa umeisha na Mama alishaanza wa pili, na sauti yake ilikuwa inachoka.

Bayasi nikaishusha mpaka mwisho. Nikaweka mita. Nilijua ninachofanya, na kujua kunatuliza mkono kuliko maombi. Padre akisoma hapa atanisamehe. Nikapandisha kidogo, sindano ikainuka. Nikanong'ona kwa maiki kama Baba, "Moja." Ikakwaruza. Nikapandisha unywele mmoja. "Mbili." Safi. Kama ingekuwa asubuhi ya Nkubu ningeongeza mpaka mstari wa tatu, lakini hapa kwa joto la Mitunguu niliachia chini ya mstari wa pili, nikangoja ipate joto, nikaangalia tena. Hujui bayasi ya kitu mpaka kiwe kimechoka kidogo. Watu pia.

Wimbo wa pili ukaisha. Mzee wa wakwe akamwita Baba.

Alisimama, akaja mpaka mezani. Aliangalia dayodi imefungwa kwa uzi, akaangalia kidole changu kwa bati, akachukua maiki.

"Wakwe zangu," akanong'ona, na uwanja mzima ukasikia. "Mimi ni mtu wa sauti kidogo, kwa hivyo sitarudia. Mbuzi nimekula, na nimeshukuru. Nkatha ni wenu. Mumtume, mumkanye, azae, alime. Lakini sikumuuza. Siku mkimchoka, msimpige. Nyumba yangu ina mlango mmoja, na yeye anaujua. Akifika hapo, hakuna mtu atamuuliza amefuata nini."

Kidole changu kilikuwa kwa bati wakati wote huo. Nilisikia moto ukipanda, ukipanda, nikahesabu moyoni. Halafu ukasimama. Ulikataa kuzidi. Kale kadayodi kalikuwa kanafanya kazi yake. Nimejenga vitu vingi tangu siku hiyo na nimesifiwa na watu wenye magari, lakini furaha ya moto uliosimama chini ya kidole sijaipata tena.

Wakwe wakaangaliana wao kwa wao. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Ndipo nyanya ya bwana harusi, mzee sana, hata macho hayaoni vizuri, akasema kutoka kwa mkeka wake: "Watu wa nyumba hii husema mimi ni kiziwi. Hayo nimeyasikia. Na wao wamesikia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa sauti za kwetu nilisikia ya Mama, imekauka kabisa.

Nkatha alirudi nyumbani mara moja, mwaka wa pili, ana mtoto mgongoni na jicho lina uvimbe. Alifika mlangoni na Baba akamfungulia, akamwekea kiti, hakuuliza. Siku ya tatu wakwe wakaja wenyewe, mama mkwe mbele. Alisema, "Tulisikia siku ile, hatuwezi kusema hatukusikia." Mume wa Nkatha aliinamisha kichwa mbele ya Baba na akaomba. Hakumpiga tena. Wamezeeka pamoja, wana wajukuu, na ndizi zao zinajaza lori.

Mimi siku hizi nakaa mtaa wa Majimbo, hapa Embu, kwa mwanangu. Mjukuu wangu Kendi amejenga amplifaya, ana spika ndefu kuliko mimi. Akiwasha, sahani zinatembea kabatini. Nikamwambia, "Weka kidole hapo nyuma usikie joto." Akaniambia, "Shosh, hiyo ilikuwa ya kitambo. Hii iko na protekshen, inajilinda yenyewe." Ameshachoma mbili. Ya tatu ameniita nimshikie tochi, na mimi tochi nimeshika, mdomo nimefunga. Na juzi nilienda harusi hapa mjini, vyombo vimepangwa kama ukuta, baba wa bibi harusi akapewa maiki dakika moja, akasema asanteni kwa kuja, muziki ukapandishwa. Nilimwangalia yule mzee akirudisha maiki. Alikuwa na neno. Nimekuwa mdomo wa mtu, najua mtu mwenye neno anavyomeza mate.

Baba alizikwa zamani. Watu wa rika lake waliniambia kwamba kabla ya kukatwa koo alikuwa mwimbaji, eti alikuwa anasimama nyuma kanisani na bado anasikika madhabahuni. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mtoto mkubwa tu, lakini sauti hiyo nimeitafuta na siipati. Nikifunga macho nimwite Baba, anakuja yule wa Mitunguu, mnong'ono umejaa uwanja mzima, na kidole changu kinapata joto.